Barakoa ya Rubani

Somo: Waefeso 6:5–8

Jumapili niligusia habari ya marubani, na wengi mkaniomba niiandike.

Kwa miaka mingi sheria ya Marekani ilisema hivi: ndege ya abiria ikipita futi 25,000, rubani mmoja akiinuka, hata kama ni kwenda choo tu, anayebaki avae barakoa ya oksijeni mpaka mwenzake arudi. Huko juu hewa ikitoka ghafla, mtu ana muda mfupi tu wa akili timamu. Na akili ikipotea hajijui, anajiona yuko sawa kabisa. Agosti 14, 2005, ndege ya Helios ilitoka Larnaca, huko Kipro kwao Barnaba, ikapanda bila hewa ya kutosha ndani. Kengele ikalia, marubani wakadhani ni ya kitu kingine. Wakazimia. Ndege ikajiendesha mpaka mafuta yakaisha, ikaanguka karibu na Athens. Watu 121 wakafa. (Hapo hakuna aliyeenda choo, lakini mnaona vile hewa huisha bila kubisha hodi.)

Sasa, barakoa inabana, na mlango wa marubani umefungwa. Nani atamwona? Wako marubani wanaokiri wenyewe kwamba hawaivai.

Tusiwacheke. Mwaka wa 2020 hapa Kawangware barakoa ilikaa kidevuni. Ukisikia karao wako Naivasha Road, inapanda puani mara moja! Tulimvalia polisi, si korona. Ndiyo tabia Paulo anayoikataza: utumishi wa kungoja macho ya bosi.

Nije nyumbani. Hapa kanisani sadaka huhesabiwa na watu wawili, na wote huweka sahihi. Mwezi jana mmoja aliondoka mapema, nikamwambia dada aliyebaki, “Malizia tu, tunakuamini.” Nimesomea biashara, najua sheria hiyo ni ya kumlinda anayehesabu. Hakuna shilingi iliyopotea. Lakini wiki iliyofuata minong'ono ikaanza, na dada yetu mwaminifu hakuwa na shahidi. Kosa ni langu, si lake. Nimemwomba msamaha, nawaomba na ninyi.

Kuanzia Jumapili hii mmoja akitoka, mfuko unafungwa mpaka arudi, hata kama ni saa nane na njaa inauma. Ukinikuta nahesabu peke yangu, ingia uniulize.