Mamlaka Yanayojipunguza

Kila serikali hulijibu swali hili, hata isipolitamka: mtoto anasomeshwa ili awe nani? Akifundishwa kukariri, amekabidhiwa jibu la mwingine alitunze. Akifundishwa kufikiri, amepewa uwezo wa kulikataa jibu hilo na kumhoji aliyelitoa. Adolph Diesterweg, mwalimu wa Kijerumani aliyezaliwa Siegen mwaka 1790, alilibeba swali hili maisha yake yote.

Akiwa mkuu wa chuo cha walimu huko Moers tangu 1820, kisha Berlin tangu 1832, alishikilia kwamba mwalimu mbaya humletea mwanafunzi ukweli, ilhali mwalimu mzuri humfundisha kuutafuta. Kauli hiyo yaweza kuonekana ya darasani tu, lakini imebeba dai zito: akili ni nywele, kila mtu ana zake, mtoto wa mfumaji sawa na mtoto wa waziri. Anayelikubali dai hilo shuleni atalikanaje siku ya uchaguzi?

Wakubwa wa Prussia, ufalme wa Kijerumani alikofanyia kazi, waliiona hatari ya dai hilo. Mwaka 1847 Diesterweg aliondolewa kazini, na 1850 akastaafishwa. Baada ya mapinduzi ya 1848, Mfalme Friedrich Wilhelm IV aliwatwika wakuu wa vyuo vya walimu lawama ya machafuko yale. Kisha zikaja kanuni za 1854 za Ferdinand Stiehl, afisa wa wizara ya elimu ya Prussia: mafunzo ya walimu yakabanwa, dini na kukariri vikatangulizwa, na waandishi wakuu wa Kijerumani wakakatazwa hata katika usomaji wa faragha. Mfalme aliwaonea walimu, lakini nguvu ya elimu aliipima sawasawa.

Mwaka 1858 wapiga kura wa Berlin walimpeleka Diesterweg katika Bunge la Prussia, naye akazipinga kanuni hizo mpaka kipindupindu kilipomuua mwaka 1866. Husemwa kwamba mwalimu huyu aliingia katika siasa. Mimi naona siasa ndiyo iliyomfuata darasani, akabaki na kazi ileile mahali pengine.

Hata hivyo pana ugumu. Mwalimu ana mamlaka juu ya asiyejua. Akiwa mbunge, kwa nini asiwageuze raia kuwa wanafunzi wake wa kudumu? Watawala wengi wamewanyima watu uhuru kwa hoja kwamba hawajakomaa. Prussia yenyewe iligawa wapiga kura katika matabaka matatu kwa kadiri ya kodi waliyolipa, kura ya tajiri ikaishinda uzito ya fukara.

Jibu langu ni kwamba mamlaka ya mwalimu ni halali kwa kuwa yanakusudia kwisha. Akifanya kazi yake vizuri, haja ya kumtegemea hupungua kila mwaka. Mtawala anayeahidi uhuru watu wakikomaa, huku akiwafungia vitabu ambavyo vingewakomaza, amelivunja sharti hilo, kwa maana kuamua hufunzwa kwa kuamua.

Kanuni za Stiehl zilifutwa mwaka 1872, Diesterweg akiwa keshafariki. Kipimo alichotuachia hakijafutwa. Mzazi, mwalimu na waziri waulizwe jambo moja: walio chini yao wanazidi kujisimamia, au wanazidi kuwategemea? Asiyeweza kulijibu hilo hadharani hana haki ya kudai utii.