Shoo ya Wavu

Bwana yule alikuja kutoka Dar es Salaam na sumaku mfukoni. Hakuuliza habari za injini. Aliinama kwenye madigadi ya kulia, akagusisha sumaku, ikateleza. Akazunguka upande wa kushoto, akagusisha tena, ikanasa. Akamgeukia mjomba na kutabasamu kama msimamizi wa mtihani aliyeona karatasi ya majibu sokoni mwa mtahiniwa.

Land Rover ya babu ni 109 ya mwaka 1974, Series III. Tangu zile za kwanza za mwaka 1948, bodi za magari haya zilitengenezwa zaidi kwa aluminiamu, kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao Uingereza. Aluminiamu hainasi sumaku. Madigadi iliyonasa ilikatwa na fundi wetu kwenye bati.

Nilijifunza mengi kwa kumtazama tu. Taa ya kiwandani mara nyingi ina jina la Lucas kwenye lenzi yenyewe; lenzi yetu moja ya nyuma haikuwa na jina lolote. Bolti nyingi za kiwandani zinakubali spana za inchi. Bolti za mafundi wetu zinataka spana za milimita. Mwisho alisimama mbele ya shoo. Series III ilitoka kiwandani na shoo ya plastiki. Yetu ni wavu wa chuma.

"Wavu ni wa Series II," alisema. "Na huu hata wa Series II si wenyewe."

Ni kweli. Siku ulipofungwa nilikuwepo. Nilikuwa darasa la tatu. Babu alikuwa akishusha ndizi na abiria kutoka Kinole, masika, gari likaserereka na kubusu mfenesi. Plastiki ikawa vipande. Tulipofika Bigwa fundi alikata wavu, akanipa kazi ya kuushikilia kwa koleo huku akichomelea. Aliniambia nifumbe macho. Nilifumba moja.

Mnunuzi alitaja bei, kisha akataja nyingine, iliyozidi ya kwanza kwa milioni mbili. Hiyo ya pili ni kama gari lingekuwa orijino. Alipoondoka, mjomba alishapata jibu. Kwenye gereji moja mjini kulikuwa na mkweche wa Series III, umelalia matofali. Tungechukua shoo yake, lenzi, nembo na madigadi, tuvisugue kwa vumbi na oili chafu vifanane na bodi, kisha tuseme gari halijaguswa tangu litoke kiwandani.

"Kila kitu kitakuwa orijino," mjomba alisema. "Uongo uko wapi hapo?"

Sikulala vizuri. Kusema kweli, milioni mbili zile nilishazihesabu. Gari lilikuwa la mama na mjomba, na sehemu ya mama ilikuwa ilipe ada yangu ya uzamili.

Plutarch alisimulia habari za jahazi la Theseus lililotunzwa Athens. Kila ubao uliooza ulibadilishwa, mpaka wanafalsafa wakabishana kama bado ni jahazi lile lile. Karne nyingi baadaye Thomas Hobbes akauliza: mtu akizikusanya zile mbao kuukuu na kuziunda upya, jahazi la kweli ni lipi? Mjomba, ambaye hajawasoma hao, aliongeza swali la tatu: vipi ukichukua mbao kuukuu za jahazi jingine?

Kwetu Kinole swali la kubadilika na kubaki lina jibu la siku nyingi. Jina la Kingalu hurithiwa. Chifu hufa, mwingine hukaa mahali pake, naye huitwa Kingalu. Soko kuu la Morogoro, ambalo nalo limejengwa upya, linaitwa Chifu Kingalu, na sijamsikia muuza ndizi akilalamika kwamba ameuziwa soko feki. Mtu mpya amebeba jina la zamani, lakini kila mmoja anajua nani alikufa na nani amerithi. Urithi ulifanyika mbele ya watu.

Hapo ndipo nilipoona tofauti. Spea mpya si uongo. Wavu wa Bigwa haujawahi kujifanya plastiki ya Solihull. Sumaku na jicho la kawaida vinatosha kuujua. Shoo ya mkweche ingekuwa ya kiwandani kweli, lakini tungeipa kazi ya kusema kwamba siku ya mfenesi haikuwepo. Kitu halisi kinaweza kutumwa kudanganya, sawa na shahidi wa kweli aliyepelekwa kwenye kesi isiyo yake.

Asubuhi nilimwamkia mjomba, nikamwambia nataka kuandika orodha ya kila kilichobadilishwa na kumpa mnunuzi. Hakufoka. Aliuliza, "Mpwa wangu, huo ukweli wako analipa nani?"

Swali lile ni gumu kuliko la Hobbes. Ni rahisi kuwa mwaminifu kwa pesa za mwenzako. Mjomba ana watoto shuleni na paa linalovuja. Kama uaminifu ni wangu, gharama nayo ilipaswa kuwa yangu. Nilienda kwa mama, tukakubaliana: ile milioni moja ambayo mjomba angeipata katika nyongeza itoke kwenye fungu letu. Alipokea bila kushukuru, na sikuona sababu ya yeye kushukuru.

Mnunuzi alisoma orodha, kurasa mbili za daftari, akalipa bei ya kwanza. Huenda sasa ameshang'oa wavu na kufunga plastiki ya gari jingine. Sina ugomvi naye, mradi akiulizwa aseme.

Ada ya muhula wa pili bado nadaiwa. Juzi mjomba alipiga simu, akaniuliza kama ile karatasi yangu inapokelewa benki. Tulicheka wote wawili, ila yeye alicheka muda mrefu zaidi.