Ridhaa ya Wenye Maji

Huko Masaka, pembezoni mwa Kigali, damu ya wagonjwa iliyokusanywa kati ya 2013 na 2015 ilionyesha baadhi ya vimelea vya malaria vyenye badiliko la kustahimili artemisinini. Dawa ikidhoofika, hatuna budi kumkabili mbu angali kiluwiluwi. Ipo bakteria ya jamii ya Bacillus thuringiensis, iliyogunduliwa Negev mwaka 1976: kiluwiluwi huimeza, sumu yake ikamharibu utumbo, akafa. Tanzania ilishirikiana na Cuba kujenga kiwanda cha kuizalisha, Kibaha.

Je, ni halali kuua hivi? Twaona ni halali, maana uhai wa mtoto hauna badala. Lakini maji ya bondeni ni ya mkulima na mfugaji pia. Yapasa waulizwe kwanza. Tukiambiwa kuwa maradhi hayangoji baraza, twajibu: bakteria hii haidumu majini, sharti itiwe tena na tena; pasipo ridhaa ya wenyeji kazi itakwama. Zaidi ya hayo, anayewatendea watu wema bila kuwauliza amewafanya kama viluwiluwi: wamemezeshwa wasichokijua.