Ole Wenu Mnaokodi Bunduki ya Serikali

Sikilizeni, watu wa Mchafukoge. Sikilizeni, masonara wa Mtaa wa Indira Gandhi na wenye maduka ya jumla wa Mtaa wa Jamhuri, nanyi wa ng'ambo ya Mnazi Mmoja mliojaza fremu za Kongo, Aggrey na Narung'ombe. Mnapenda sana kisa cha askari aliyekuwa bodigadi wa tajiri, akageuka jambazi, akafungwa, akatubu. Mnakisimulia kwenye kahawa na kwenye foleni ya daladala, mkitikisa vichwa na kusema, jamani, dunia ina mambo. Mimi nina swali moja kwenu: alipoanguka, nani alikuwa amemshika mkono?

Simtaji mtu. Naitaja njia, maana waliopita humo ni wengi na inaanzia mlangoni kwenu. Kijana anatoka depo, Shule ya Polisi Moshi, kiatu kinang'aa, kiapo bado kinamnata ulimini. Anapangiwa Dar es Salaam. Anapewa lindo: kumsindikiza tajiri na fedha zake mpaka benki. Siku ya kwanza anakataa hata soda. Siku ya pili unamkunjia noti kiganjani: "Chukua afande, ya maji." Kisha inakuwa ya vocha, kisha ya ada ya mtoto. Usiniambie ulikuwa unatoa sadaka. Bibi aliyeketi kwenye ngazi za duka lako akiomba unamfukuza kila asubuhi, kwa sababu bibi yule hana bunduki. Kwa askari ulikuwa unanunua, na ulijua bei.

Halafu mteja wako wa mkoani akachelewesha deni. Mahakama ya Kisutu iko mwendo wa miguu kutoka dukani kwako, lakini hukwenda. Ulipiga simu: "Afande, njoo na mwenzako mmoja, mumtishe kidogo tu." Akaja na sare ya Jamhuri na silaha ya Jamhuri. Mdeni akalipa usiku uleule, mkewe akishuhudia, watoto wake wakilia. Ukamkatia askari asilimia yake. Usiku ule alijifunza somo ambalo hakuna mkufunzi wa Moshi aliyemfundisha: kwamba bunduki ya serikali inakodishwa, na kwamba yeye ndiye anayepata senti ndogo kuliko wote katika biashara hiyo. Miaka miwili baadaye alipoanza kupora kwa faida yake mwenyewe, alichofanya ni kumwondoa dalali. Dalali ulikuwa wewe.

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 15, haimwachi mtoaji. Aliyetoa na aliyepokea wanasimama kizimba kimoja. Lakini ninyi mmejitengenezea sheria yenu ya mtaani, ambayo ndani yake mpokeaji anaitwa fisadi na mtoaji anaitwa mjanja wa mjini.

Nanyi wakubwa, msidhani nimewasahau. Mmepewa askari awalindie roho zenu, mkamgeuza mbeba mifuko ya sokoni na mfungua geti la mke mdogo. Mmemfundisha kusukuma watu barabarani ili gari lenu lipite, naye ameelewa kwamba sheria ni kitu cha watu wasio na bodigadi. Mkistaafu au mkitumbuliwa, yeye anarudishwa kituoni na mazoea aliyoyapata kwenu, bila posho mliyomzoeza. Mnashangaa anaitafuta wapi?

Acheni kusema haya ni maneno ya mhubiri. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva wa teksi aliyekuwa akiwaendesha, walikamatwa na polisi Sinza, wakapelekwa msitu wa Pande na kuuawa kwa risasi. Mji ukaambiwa kuwa majambazi wameuawa. Kumbukeni jinsi tulivyoipokea habari ile: wangapi waliuliza majina yao? Wangapi waliuliza fedha zao zimekwenda wapi? Ni ndugu wa marehemu waliokataa kunyamaza, mpaka Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka. Abdallah Zombe, aliyekuwa Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa wa Dar es Salaam, akafikishwa mahakamani na askari wenzake. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimwachia tena Zombe, ikamhukumu mshtakiwa mwenzake, Christopher Bageni, adhabu ya kifo.

Miaka 16 baada ya Pande, Januari 2022, mfanyabiashara mwingine wa madini aliuawa Mtwara baada ya kudai fedha zake zilizochukuliwa na polisi. Askari saba walishtakiwa. Juni 2025 Mahakama Kuu iliwahukumu wawili adhabu ya kifo na wengine wakaachiwa. Zitazameni kesi hizi mbili pamoja: mtu mwenye fedha, askari mwenye sare, na maiti. Kati ya noti ya kwanza "ya maji" na maiti kuna safari ndefu, na si kila anayeianza anafika mwisho. Lakini hakuna aliyefika huko bila kupita kwenye kiganja cha mtu fulani.

Nguvu ya kukataa mnayo, na mmeionyesha. Mei 2023 mlifunga maduka Kariakoo kwa sababu ya kamatakamata ya kikosi kazi cha kodi. Barabara zilinyamaza, na Waziri Mkuu Majaliwa akaja kuwasikiliza hapo Mnazi Mmoja. Ilikuwa haki yenu. Lakini niambieni, mmewahi kushusha hata mlango mmoja wa fremu kwa sababu ya machinga aliyenyang'anywa mtaji wake wote na mtu mwenye kitambulisho? Mmewahi kugoma kwa ajili ya kijana aliyebambikiwa kesi? Wapo kati yenu waliolaani rushwa mchana ule, na jioni wakampigia simu afande wao ili mzigo usio na risiti upite. Mnaijua sauti ya dhulma ikigonga kwenu. Ikigonga kwa jirani mnaongeza sauti ya redio.

Na mtoto akipora simu Mtaa wa Msimbazi, mnapiga yowe la mwizi, mnaleta tairi na petroli. Mnamchoma mwizi wa simu moja, na mwizi mwenye sare mnamkaribisha kiti na chai ya maziwa. Msiite jambo hilo hasira ya wananchi. Hasira ya kweli isingechagua wanyonge peke yao.

Sasa nazungumza nanyi wa madhabahu na mimbari. Yule askari akitoka gereza la Ukonga amekonda, amelishika neno la Mungu, mnamrukia. Mnamvalisha suti, mnamwandikia bango, mnampa kipaza sauti mbele ya umati. Mnamtaka asimulie jinsi alivyofyatua risasi, jinsi alivyoruka ukuta, jinsi alivyohesabu mamilioni. Vijana wanasisimka, kapu la sadaka linajaa. Nchi jirani waliliona hili zamani. John Kiriamiti wa Murang'a alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 1971 kwa unyang'anyi, akatoka mwaka 1984, mwaka uleule kilipochapishwa kitabu cha maisha yake. Kizazi kizima cha Wakenya kilikisoma, na wengi walikariri wizi wakaruka majuto. Ndivyo mnavyofanya na huyu wenu: mnakula dhambi yake, toba mnaiacha sahanini.

Muulizeni mambo mengine. Umemrudishia nani? Yule mjane uliyechukua mtaji wake, umekwenda kwake? Nani alikutuma, na yuko wapi leo? Wakristo mnamjua Zakayo, mtoza ushuru, aliyeahidi kurudisha mara nne kabla hajaambiwa afanye hivyo. Waislamu mnafundishwa tangu madrasa kwamba haki ya mja haifutwi kwa istighfari ya mdomo mpaka mwenyewe arudishiwe au asamehe. Na askari walipomwendea Yohana Mbatizaji kule mtoni wakiuliza wafanye nini, hakuwaambia wavue sare wala hakuwapandisha jukwaani. Aliwakataza kudhulumu na kusingizia watu, akawataka waridhike na mshahara wao. Fundisho hilo lina karibu miaka 2,000, na bado ni geni katika vituo vyetu.

Toba ina gharama, na mfano wake tunao hapahapa nyumbani. Msituni Pande hakukuwa na raia wa kutoa ushahidi. Raia waliokuwepo walikwishauawa. Kilichotokea kule kilifahamika kwa sababu baadhi ya askari waliokuwa kwenye tukio, nao wakiwa washtakiwa, walikisema. Sijui ndani ya mioyo yao kulikuwa na nini, wala siwatangazi kuwa watakatifu. Lakini maneno yale yaliwasaidia wafiwa kuliko shuhuda mia za kwenye mahema, kwa kuwa yalikuwa na mahali, saa, na jina la aliyetoa amri.

Na akishatubu kweli, akarudisha alichoweza na kusema alichokijua, mnamfanyia nini? Anakuja Mtaa wa Aggrey kutafuta kazi ya kubeba mizigo, mnamwambia alete cheti cha tabia njema. Anatafuta chumba, mwenye nyumba anakumbuka ghafla kwamba kimekwishapata mtu. Mlimkodi akiwa mwizi mwenye sare, mnamkataa akiwa mwaminifu mwenye rekodi. Mkimfungia kila mlango, utabaki mmoja tu ulio wazi, wa wenzake wa zamani, nao hawamwombi cheti.

Msijifiche nyuma ya serikali. Tume ya Warioba ilieleza rushwa ya nchi hii mwaka 1996, ukurasa kwa ukurasa. Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake mwaka 2023 na kutaka Jeshi la Polisi lifumuliwe na kusukwa upya. Serikali na itekeleze, na ikichelewa isemwe bila kuogopwa. Lakini hakuna tume itakayokaa kwenye kaunta yako kuuzuia mkono wako usiingie mfukoni afande anapokohoa.

Kwa hiyo acheni. Deni likikwama, nendeni mahakamani hata kama kesi inachelewa. Fedha zikihitaji ulinzi, lipieni kwa utaratibu na mdai risiti, kama mnavyotakiwa kutoa risiti ninyi. Askari akija dukani mpeni kiti, maji na heshima, lakini noti ibaki kwenye droo. Mwizi akikamatwa, mfikisheni kituoni akiwa hai. Aliyetoka gerezani akiomba kazi, mpimeni kwa kazi yake ya leo.

Na yule mdeni mliyemtishia usiku kwa bunduki ya kukodi, mtafuteni. Mwombeni radhi mbele ya mkewe na wanawe, na mrudishieni kila shilingi aliyolipa zaidi ya deni. Mpaka mfanye hivyo, kaeni kimya msiikague toba ya askari.