Jembe la Mwenyeji, Wembe wa Mgeni

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii tumeichosha kwa kumsuta mvivu. Mwalimu Nyerere aliitumia hivyo mwaka 1962 alipoandika juu ya Ujamaa, na tangu hapo haijakosa pa kusimama katika hotuba zetu. Sasa tuisome kwa kumtazama mwenyeji. Jembe ni lake na shamba ni lake. Ndiye anayejua mpaka unapita wapi, wapi pameshapandwa na wapi pameachwa papumzike. Ndiye anayehesabu siku na kuamua kwamba mgeni amekwisha kula vya kutosha. Methali haimruhusu mgeni kuingia shambani alfajiri ya siku ya kwanza na jembe alilokuja nalo kutoka kwao.

Mgeni wa namna hiyo yupo, na Malawi inamfahamu vizuri. Vijana wa Ulaya na Marekani hushuka Lilongwe na Blantyre kujitolea kwa wiki mbili, tatu, pengine kwa miezi. Hupaka rangi darasa, hufundisha Kiingereza, hubeba watoto wa makao ya yatima. Wengi wameilipa kampuni ya huko kwao ili waipate nafasi hiyo. Nchi yenyewe inavutia: ina amani, Kiingereza ni lugha ya serikali, ziwa liko karibu kwa mapumziko ya Jumamosi, na matangazo ya utalii huiita moyo wenye joto wa Afrika. Pia ni maskini, na umaskini huo ndio unaowekwa kwenye picha za kuwaita watu. Sina nia ya kuwacheka. Anayetumia likizo yake kupaka rangi darasa la watoto asiowajua ana kitu ambacho wengi wetu tunaomchambua tukiwa barazani hatuna. Swali langu liko kwingine: msaada ambao anayesaidiwa hana njia ya kuukataa, je, bado ni msaada?

Ukimwajiri fundi akakujengea ukuta uliopinda, utamzuilia malipo na kumwambia abomoe aanze upya. Mtagombana, lakini ugomvi wenu utakuwa wa haki, kwa sababu kila mmoja ameshika kitu: yeye kazi, wewe fedha. Sasa fikiria ukuta huohuo umejengwa bure na kijana wa miaka 19 aliyejilipia nauli ya ndege. Nani atamwambia umepinda? Mwalimu mkuu, ambaye shule yake inangoja madawati yaliyoahidiwa na waliomleta kijana? Atasema asante. Wanafunzi wataimba, picha zitapigwa, na kijana akishapanda ndege mafundi wa jirani wataitwa kimyakimya waje waunyooshe. Kilichomfunga mdomo mwalimu ni ule ubure wenyewe. Mtoaji ana uhuru wote: amechagua nchi, kazi, siku ya kufika na siku ya kuondoka. Mpokeaji amebakiwa na shukrani, nayo ni lazima. Zawadi ambayo huwezi kuirudisha inakaribia sana kuwa amri.

Immanuel Kant aliligusa jambo hili katika kitabu chake cha maadili cha mwaka 1797. Aliuliza kama tajiri anayemsaidia mhitaji anastahili kweli kuitwa mkarimu, ikiwa utajiri wa mmoja na uhitaji wa mwingine vimetokana na serikali isiyotenda haki. Tena alimtaka mtoaji aonyeshe kwamba kupokelewa kwa msaada wake ni heshima aliyopewa yeye. Hilo la kwanza nalichukua bila kusita. La pili linanisumbua, kwa kuwa adabu ya mtoaji iko mikononi mwa mtoaji: leo anayo, kesho amechoka. Mpokeaji anahitaji kitu kisichotegemea adabu ya mtu, nacho ni uwezo wa kusema hapana na maisha yake yakaendelea.

Kuna kisa cha kulipimia wazo hili, na kinatuhusu sisi wa pwani kuliko tunavyokumbuka. Mwaka 1857 David Livingstone alihutubia Cambridge akawaomba vijana wa Uingereza waje Afrika. Walioitika waliunda misheni ya vyuo vikuu, UMCA, na mwaka 1861 wakafika nyanda za juu za mto Shire, kusini mwa Malawi ya leo, wakiongozwa na Askofu Charles Mackenzie. Njiani wao na Livingstone walikutana na msafara wa watumwa. Waliouongoza walikimbia, na watu zaidi ya 80 wakafunguliwa makongwa. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema hilo halikuwa jema.

Ugumu ulianza kesho yake. Waliofunguliwa hawakuwa na pa kwenda. Misheni iliwachukua, ikajenga mahali paitwapo Magomero, na ghafla watu waliokuja kuhubiri wakawa watawala wa kijiji, wakigawa chakula na kuamua kesi. Machifu wa Wamang'anja, wenyeji wa nyanda hizo, wakawaomba nguvu dhidi ya Wayao, nao wakaingia vitani na kuchoma vijiji. Njaa ikaja, na homa pamoja nayo. Mackenzie alikufa Januari 1862 kwenye makutano ya mito Ruo na Shire, dawa zake zikiwa zimepotea mtumbwi ulipopinduka. Wenzake waliondoka Magomero mwaka huohuo, na mrithi wake, Askofu Tozer, akaihamishia misheni yote Zanzibar mwaka 1864. Ndiko Edward Steere alikoandika kitabu chake cha Kiswahili na kusimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa. Sisi tukapata kanisa na kitabu. Magomero wakaachiwa makaburi. Kuja kulikuwa uamuzi wa wageni, na kuondoka kukawa uamuzi wa wageni vilevile.

Miaka 50 hivi baadaye jina la Magomero lilikuwa la shamba kubwa la familia ya Bruce, wajukuu wa Livingstone kwa bintiye Agnes. Wapangaji walilipia ardhi kwa jasho lao chini ya utaratibu ulioitwa thangata. Januari 1915 wafuasi wa mchungaji John Chilembwe walimuua meneja wa shamba hilo, William Jervis Livingstone, aliyekuwa amechoma makanisa ya Chilembwe. Sisemi kwamba Mackenzie ndiye aliyeyazaa hayo. Itakuwa kumwonea marehemu. Nasema kwamba katika nchi ambamo mwenyeji hakuwa na njia ya kumrudisha mgeni mwenye huruma, hakuwa na njia ya kumrudisha asiye na huruma pia. Wote wawili walipita palepale.

Miongoni mwa waliofunguliwa mwaka 1861 alikuwemo kijana wa Kiyao aitwaye Chuma. Alilelewa na misheni, akasafiri na Livingstone hadi Bombay, na Mei 1873 alikuwa naye alipofariki katika kijiji cha Chitambo, kwenye Zambia ya leo. Chuma, mtumishi mwenzake Susi na wengine waliuzika moyo wake pale, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miguu kuelekea Bagamoyo. Walipofika Tabora, ofisa wa Kiingereza, Verney Lovett Cameron, aliwashauri wauzike hapohapo. Walikataa. Vitabu vingi vimekisimulia kisa hiki kama uaminifu wa watumishi kwa bwana wao. Mimi naona jambo zito zaidi: mtu aliyewahi kufunguliwa kongwa na Waingereza anamwambia Mwingereza hapana, tena kuhusu maiti ya Mwingereza. Siku ile ya 1861 Chuma alipewa uhuru. Siku ya Tabora aliutumia. Mwili ulipofika pwani wakubwa waliuchukua, wabebaji wakapewa ujira wao na kuachwa. Livingstone alizikwa Westminster Abbey Aprili 1874. Chuma na Susi hawakuwepo.

Kuna atakayenijibu kwa methali ya upande wa pili wa ziwa. Wachewa husema mgeni ndiye anayekuja na wembe mkali, yaani macho mageni huona kilichowashinda wenyeji, na mkono mgeni hukata fundo lililozoeleka. Ni kweli, na kwa sababu hiyo sikubaliani na mwanafikra Ivan Illich. Mwaka 1968, huko Mexico, Illich aliwaambia vijana wa Marekani waliotaka kujitolea vijijini kwamba waje wakipenda kutembea na kujifunza, ila wasije kusaidia. Alikuwa na haki ya kukasirika, lakini kumgeuza kila mgeni kuwa mtazamaji ni kumnyima mwenyeji wembe ambao pengine anautaka. Daktari wa upasuaji anayekwenda kufanya kazi kwa miezi michache katika hospitali kuu ya Blantyre ana wembe huo kikwelikweli. Tofauti yake na mbeba watoto ni kwamba yeye hawezi kumgusa mgonjwa kabla ya kusajiliwa na baraza la madaktari la Malawi, na wodini atawakuta wenzake Wamalawi wanaoweza kumwambia daktari, hapa umekosea. Wembe hunyoa kichwa kilichoinama, na anayekiinamisha ni mwenye kichwa.

Mtoto wa miaka mitatu hawezi kumkagua anayembeba. Mwaka 2010 watafiti Linda Richter na Amy Norman, wakiandika kuhusu kusini mwa Afrika, walionya juu ya utalii wa yatima wa UKIMWI: wageni wa muda mfupi huwazoesha watoto mapenzi, kisha huondoka, wakaja wengine, na mtoto hujifunza upya kila mara kwamba anayependa huenda zake. Walionya pia kwamba fedha zinazofuata wageni huyafanya makao yenyewe yahitaji watoto. Wengi wa watoto hao wana mzazi hai au jamaa ambaye angewalea kama angepata sehemu ndogo tu ya nauli ile ya ndege. Katika mambo yote niliyoyagusa hapa, hili ndilo nisiloweza kulitetea hata kidogo.

Nisije nikaeleweka kwamba wenyeji ni malaika na wageni ni wajinga. Ann Swidler na Susan Cotts Watkins, katika kitabu chao cha mwaka 2017 kuhusu UKIMWI na misaada Malawi, wanaonyesha mtu wa tatu aliyesimama katikati: msomi wa wilayani anayejua mfadhili anataka kusikia nini na kijiji kinataka kupata nini, akawapatanisha kwa maneno yanayompendeza kila mmoja. Wanawaonyesha pia vijana wa vijijini wanaojitolea wakitumaini posho, baiskeli, cheti, na siku moja ajira. Wazungu wengi hushtuka wakilijua hilo, kana kwamba tumaini la mshahara linauchafua moyo. Ajabu ni kwamba kijana wa London anayeiandika safari yake ya Malawi kwenye wasifu wa kuombea kazi haonekani kuchafuka.

Machi 2023 kimbunga Freddy kiliporomosha matope juu ya nyumba za mitaa ya milimani Blantyre, Chilobwe ukiwa mmoja wao. Kusini mwa Malawi watu zaidi ya 1,000 walikufa au kupotea. Waliotangulia kuchimba walikuwa majirani, kwa majembe na kwa mikono mitupu. Hawakuitwa watu wa kujitolea, wala hawakupewa fulana. Kazi yao ilikuwa na kitu ambacho ya mgeni haina: ilikuwa na wa kuihesabu. Jirani anayelegea leo atakutana kesho na macho ya watu kisimani, kanisani, na zaidi ya kote msibani, ambako Wamalawi kama sisi huwekeana hesabu za ujirani. Anayeishi mahali hawezi kukimbia matokeo ya wema wake. Mgeni anaweza, na uwezo huo ndio unaopaswa kutafutiwa dawa. Kumwambia aongeze huruma hakusaidii, maana huruma anayo tayari. Kinachokosekana ni mtu wa kumwajibisha.

Siku hizi si wageni wa Ulaya tu wanaokwenda. Vijana wetu nao wanavuka mpaka wa Kasumulu kwenda Karonga na mbele zaidi, na mashirika yanawatafuta kwa kuwa ni Waafrika, wanavumilia joto na hawadai hoteli. Rangi ya ngozi haitawaokoa na swali hili. Mtanzania naye ni mgeni Malawi. Basi ukialikwa kujitolea huko, kabla ya kukata tiketi ya basi Mbeya, omba uambiwe ni Mmalawi gani, kijijini au ofisini, mwenye mamlaka ya kukupangia kazi, kukukemea na kukurudisha nyumbani kabla ya muda wako. Zungumza naye kwa simu. Muulize amekuita kwa kazi gani, na kama pale hakuna mtu wa kuifanya kwa ujira. Ukiambiwa mtu huyo hayupo, nenda Malawi kama msafiri: lala nyumba ya wageni ya mwenyeji, kula samaki wao aitwaye chambo kwa bei yao, lipa mashua na mwongoza njia, kisha urudi. Fedha hiyo watakuwa wameifanyia kazi, na wakikuona msumbufu watakuambia hakuna nafasi.