Je, Anayeamka Alfajiri Ndiye Mtakatifu Zaidi?

Kuna swali ambalo husikika sana katika ushirika wa nyumbani: je, anayeshindwa kuamka saa 11 kwa maombi ya alfajiri ni mvivu, ama ameumbwa tu hivyo?

Mimi ni mtu wa alfajiri. Jogoo akiwika, nishaamka. Lakini sidai sifa kwa hilo. Ndani ya mwili kuna saa inayopanga usingizi na kuamka. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya seli. Kuna mwenye saa iliyo mbele na mwenye iliyo nyuma, na sehemu ya tofauti hiyo hurithiwa. Vijana wakibalehe, saa yao husogea kuelekea usiku.

Saa hiyo huongoza pia kortisoli, homoni inayotuandaa kukabili presha. Hupanda tunapoamka, kisha hushuka polepole hadi usiku. Mtu wa jioni akiamshwa kabla ya wakati wake, anaanza siku huku mwili ungali usiku. Kila siku deni la usingizi linaongezeka. Mwenye deni hilo huwaka haraka. Neno dogo tu linamchoma. Halafu sisi tunasema, "Huyu hana Roho."

Hapo dhambi ni ya nani? Yesu aliomba alfajiri (Marko 1:35), na pia aliomba usiku kucha (Luka 6:12). Basi saa haipimi utakatifu.

Je, mtu wa usiku aseme, "Ndivyo nilivyo, mnivumilie"? La hasha. Umbile linaeleza hasira inatoka wapi. Halimpi mtu ruhusa ya kumtukana mkewe ama konda wa matatu. Anayejua saa yake mbaya ana wajibu wa kuichunga: azime simu mapema, alale, na asubuhi anyamaze kidogo kabla ya kujibu. Sisi wa alfajiri nasi tuna wajibu: maneno mazito ya karo na madeni yasubiri saa ambayo mwenzetu anaweza kuyabeba.

Wiki hii muulize wa nyumbani mwako, "Nikikuambia jambo gumu, ni saa gani utanisikia vizuri?" Akikujibu, iheshimu saa hiyo. Huo nao ni upendo.