Kosa Lisiloacha Alama

Twapenda kuwaza pamoja nanyi juu ya neno moja: Je, kosa likifutwa hata alama yake isionekane, limekwisha kuwa si kosa?

Sisi tulianza kuandika hesabu kwa wino. Aliyekosea alipiga mstari juu ya tarakimu, akaandika iliyo sawa kando yake, akatia sahihi. Ukurasa ulichafuka, nasi tuliona haya. Walakini kila mtu aliweza kusoma ya kuwa hapa palikosewa, na ni nani aliyetengeneza. Baadaye tukapata taipureta. Hiyo nayo haikuficha, maana nakala ya karatasi ya kaboni ilishuhudia.

Kompyuta ilikawia kutufikia. Katika nchi yetu iliwekwa kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilikataza kuziingiza nchini. Katazo hilo lililegezwa polepole baadaye. Tulipoketi mara ya kwanza mbele yake hapa Mombo, tulistaajabia hasa kitufe cha kufuta. Wakigusa, na neno limetoweka, ukurasa ni mweupe kana kwamba haukuandikwa kitu.

Basi, tulipokuwa tukitunza hesabu za chama cha kuzikana, tuligundua kwamba hatukuandika mchango wa mjane mmoja. Kwa miezi mitatu alihesabiwa kuwa mdeni, naye alikuwa amelipa. Tukasahihisha kimya, tukachapa orodha mpya. Orodha ilikuwa sawa, lakini mjane alikuwa amekwisha kusemwa sokoni, na kitufe cha kuyafuta maneno yale hakuna. Majuma mawili dhamiri ilitusumbua. Ndipo tukasimama mkutanoni, tukasema: "Mama huyu hakuwa na deni. Kosa lilikuwa letu."

Wengine husema, "Kompyuta imekosea." Lakini mashine haina dhamiri, yashika ilichopewa, yaacha ilichoamriwa kuacha.

Labda mtu atauliza: Je, Mungu naye hafuti dhambi zetu? Mbona ninyi mwataka alama ibaki? Naam, Mungu hufuta. Lakini yeye humfutia aliyeungama, na kitufe kile hufuta ili mtu asiungame. Hiyo ndiyo tofauti, nayo ni kubwa. Zakayo hakurudisha fedha za watu kwa siri usiku. Alisimama, akasema mbele ya Bwana, na watu wakasikia.

Kwa hiyo twawashauri ninyi mnaotunza vitabu vya sharika na vyama: msiifute orodha ya zamani. Iwekeni, na kando ya tarakimu mpya andikeni siku, sababu, na jina la aliyesahihisha. Na ikiwa kosa lilimwumiza mtu, mwendeeni kwanza, kabla ya kuigusa mashine. Ukurasa safi ni jambo jema, lakini jirani aliyerudishiwa heshima yake ni jambo jema zaidi. Mungu atupe moyo wa kweli.